Mkanda Mweusi na Mkono wa Baba

Jirani yangu hapa Kiganjo alinunua lori zima la maganda ya kahawa yawe mbolea ya sukuma wiki yake, akayamwaga kando ya ua tunaopakana, na usiku mvua ikayanyeshea. Asubuhi nilipofungua dirisha ile harufu ikaingia bila kubisha hodi. Ni harufu chachu, nusu tunda lililooza, nusu pombe ya jana. Nililifunga dirisha. Mjukuu wangu akaniuliza kama naumwa, nikamwambia ndiyo, maana hilo ni jibu fupi.

Ninyi wenzangu wa rika langu, mliokulia kwenye kambi za wafanyakazi wa mashamba ya kahawa kule Ruiru, mnaijua harufu hiyo. Mlilala nayo. Kwenu pengine inawakumbusha uji, baridi ya asubuhi, na mama zenu wakirudi mikono ikinata. Mimi inanikumbusha magunia yaliyoshonwa pamoja yakawa godoro, na mtu aliyesimama juu yake pekupeku akituambia polepole, polepole. Mtu huyo alikufa akiwa mzee. Nasikia alizikwa na umati mkubwa na kila aliyesimama kusema alimsifu kwa jinsi alivyopenda watoto. Sikwenda, na sijajuta.

Sisi hatukuwa watu wa kahawa tangu mwanzo. Baba alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda kimoja cha Thika, tukakaa Makongeni katika chumba cha kiwanda chenye sakafu ya saruji ambayo mama aliisugua mpaka ukaona haya kuikanyaga. Nilipewa jina la mama yake baba, kama desturi yetu ilivyo, kwa hiyo baba hakuwahi kuniita jina langu hata mara moja. Aliniita maitu, yaani mama yangu. Akirudi kazini angesema, "Maitu, umenipikia nini leo?" na mimi, ambaye sikuweza hata kuinua sufuria, ningemjibu kwamba nimempikia ng'ombe mzima. Huo ndio ulikuwa mchezo wetu.

Kisha serikali ya mkoloni ikatangaza ile hali ya hatari, ikiwasaka waasi wa msituni na waliowasaidia. Asubuhi moja wanaume wa mtaa walikalishwa chini uwanjani, mtu aliyefunikwa gunia kichwani lenye matundu mawili ya macho akapitishwa mbele yao. Alipofika kwa baba akainamisha kichwa kuonyesha kwamba huyu ni mmoja wao. Mpaka leo sijui alikuwa nani. Baba alipandishwa kwenye lori akiwa na nguo zake za kazi, na kabla ya juma kwisha kiwanda kilikuwa kimempa mtu mwingine chumba chetu. Mama akapata kazi ya kuchuma kahawa katika shamba moja la mzungu karibu na Ruiru, tukahamia kwenye safu za vyumba vya wafanyakazi, na nikajifunza kulala na harufu ya maganda.

Watu wazima walisema baba yuko kambini. Neno hilo halikunisaidia. Kambi niliyoijua ilikuwa hii yetu ya wachumaji, yenye geti la mabati na mlinzi aliyependa kusinzia, basi nikadhani na ile ya baba iko hivyo hivyo. Sikuelewa kwa nini hatoki. Nikaamua kwamba mlinzi wa huko lazima awe mkubwa kuliko wa kwetu, na kwamba kinachohitajika ni mtu wa kumshinda. Baba alikuwa mpole. Hakuwa mtu wa kupigana. Kwa hiyo aende mwingine kutoka nyumbani akamtoe, na nyumbani tulikuwa mama na mimi tu.

Baba alikuwa ametimiza miaka mitatu kambini ndipo Koplo alipoingia shambani. Hatukumjua kwa jina lingine. Alikuwa mkuu wa walinzi wa shamba, mtu wa mbali aliyekuwa jeshini wakati wa vita vya Wazungu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambi ya jeshi, kimekatwakatwa. Huko jeshini alifunzwa judo, mchezo wa Wajapani wa kushikana na kuangushana bila silaha. Meneja wa shamba alimruhusu kuwafundisha watoto kila Jumapili mchana katika ghala la kahawa, nadhani ili tusizurure karibu na msitu. Tulichukua magunia, tukayajaza maganda makavu, na akina mama wakayashona. Siku ya kushona mama alinichukua nimshikie uzi. Wavulana wakaanza kurukaruka juu ya lile godoro kabla halijamalizika, mmoja akanigonga nikaanguka chali, nikainuka na kuendelea kushika uzi.

Koplo alikuwa ameona. Akaja akaniinamia.

"Wewe hapana lia?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Nikamwambia kwamba mama hana nafasi ya kusikiliza kilio. Alicheka sana, akamwambia mama, "Huyu toto alete Jumapili. Wengine wote nitafundisha kuanguka. Huyu anajua tayari."

Mama alifikiri ni mzaha. Mtoto wa kike kuviringishana na wavulana kwenye magunia. Lakini Jumapili aliniacha niende, kwa sababu Koplo aligawa mkate baada ya mazoezi, na mkate haukuwa kitu cha kukataa.

Nitasema ukweli kuhusu Koplo, ingawa ukweli huo unanichoma. Alikuwa mwalimu mzuri, kuliko wengi walionifundisha baadaye darasani. Hakumpiga mtoto, hakumcheka aliyeshindwa. Kabla ya kuanza alitupanga mstari tukiwa tumeelekea ukuta, akapita nyuma yetu akiuliza, "Shabaha?" Kila mmoja alitaja kitu kimoja atakachokiweza kabla ya Jumapili ijayo. Kuviringika bila kugonga kichwa. Kusimama kwa mguu mmoja mpaka wimbo uishe. Hakutaka shabaha kubwa. Ukisema unataka kumwangusha kila mtu alikuambia hiyo si shabaha, hiyo ni ndoto, taja nyingine. Jumapili iliyofuata alikuuliza mbele ya wenzako kama umeifikia, na aliyedanganya alijulikana kwa sababu aliambiwa aonyeshe.

Nilikuwa mtoto mwoga. Niliogopa mbwa wa meneja, niliogopa buti, niliogopa hata mlio wa lori. Mtoto wa nyapara alikuwa akinifuata kisimani akiimba kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka, na mimi nilimwaga maji nikikimbia. Baada ya miezi kadhaa pale ghalani nilitembea na ndoo yangu kichwani, akaimba, nikaendelea kutembea. Sikumgusa. Yeye ndiye aliyechoka. Nilipomsimulia Koplo alinigusa utosi kwa kidole akasema, "Hiyo ndiyo judo." Wiki hiyo nzima nilijiona mrefu.

Mikanda tuliitengeneza wenyewe kwa kitambaa cha marekani. Wa kwanza ulikuwa mweupe kama ulivyotoka dukani. Ukipanda, ulichovywa kwenye manjano ya bizari tuliyonunua kwa Mhindi wa Ruiru. Wa tatu ulichemshwa kwenye kahawa mpaka ukawa rangi ya udongo. Wa mwisho ni mweusi, uliosuguliwa kwa rangi ya viatu vya askari, na huo wakati ule alikuwa nao yeye peke yake. Siku alipotuonyesha aliufunga kiunoni akauvuta sawasawa na kusema, "Mwenye huu mkanda, hapana mlango inamzuia."

Nadhani alikuwa akijisifu tu, kama wanavyofanya watu wa jeshi. Mimi niliuona mlango wenyewe. Nililiona geti la kambi ya baba, na mlinzi wake amelala chini akipapasa kofia, na mimi nikipita na mkanda wangu. Tangu siku hiyo, alipouliza shabaha nilitaja vitu vidogo kwa sauti, na moyoni nilikuwa na moja tu. Sikumwambia mtu. Mama angecheka, kisha angelia, na vyote viwili nilivichoka.

Mshiko aliopenda tuujue kuliko yote ulikuwa wa mkono. Unaanza na kidole gumba cha mwenzako, unakigeuza kiganja kitazame nje, unaingia ubavuni kwake, unaupeleka mkono mgongoni na kuupandisha kidogo kidogo, na mtu huyo, awe mkubwa namna gani, atapiga goti. Ukiharakisha unavunja. Kwa hiyo Koplo alitembea kati yetu akisema, "Polepole. Mkono si adui." Tuliimba maneno hayo pamoja naye. Tulipokuwa tukichota maji tuliyaimba. Wengine waliyasema hata wakimenya viazi.

Mtoto mmoja alimuuliza kama amewahi kuutumia vitani. Akasema vitani hapana, vitani kuna bunduki. Lakini kabla tu ya kuja hapa shambani alikaa miaka miwili kule nchi ya joto na vumbi jekundu kuwafundisha askari wa serikali jinsi ya kumshika mtu bila silaha. "Hakuna risasi, hakuna damu," alisema. "Kazi safi." Tulimpigia makofi. Nakumbuka viganja vyangu vilivyouma, kwa jinsi nilivyopiga kwa nguvu. Kwamba mwalimu wetu alikuwa mwalimu hata wa askari, kwangu hilo lilikuwa jambo kubwa, maana kama askari walijua mshiko huo kutoka kwake, basi angenifundisha na mimi jinsi ya kuwashinda.

Nilifika mkanda wa kahawa nikakwama. Kwa mweusi Koplo alikuwa na sharti lake. Mwanafunzi alipaswa kumpigisha goti mtu mzima wa nyumbani kwake, mbele ya wote. Alisema mgeni atakuonea huruma aanguke kabla ya wakati, au atakaza kwa ubishi aumie, lakini wa nyumbani atakuambia kweli. Kabla yangu alikuwa amefuzu mvulana mmoja mkubwa tu, aliyempigisha goti mjomba wake, na watu wa kambi walikuja kutazama kana kwamba ni harusi. Mimi nilimleta mama. Koplo akakataa, akasema anataka mwanamume wa nyumba. Mama naye akashukuru Mungu. "Mgongo wangu nimeukodisha kwa kahawa," alisema tukirudi. "Nikivunjika wewe ndiye utakayechuma?"

Basi nikangoja. Mkanda niliutaka ili nimtoe baba, na mkanda sikuweza kuupata kwa sababu baba hakuwepo. Wenzangu wadogo walinifikia pale kwenye mkanda wa kahawa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alisema Koplo, na mimi niliinama kila Jumapili, nikaviringika, nikashika mikono ya watu, nikataja shabaha zangu ndogo ukutani.

Baba akarudi bila kutolewa na mtu. Mama aliitwa aende Ruiru mjini, na jioni wakaja pamoja kwa miguu, yeye mbele, mama nyuma akibeba kifurushi. Nilimwona mzee mmoja mwembamba nikamwamkia kwa adabu kama nilivyofundishwa. Akasimama. "Maitu," akasema, "umenipikia nini leo?" Nilikuwa nimesubiri miaka kuulizwa hivyo, na jibu likanipotea. Nikamwambia kuna maharagwe.

Hakuwa baba niliyekuwa nimemweka moyoni. Hakukubali kuketi mlango ukiwa nyuma yake. Alikula haraka akifunika sahani kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia aliuweka mapajani, haukunyooka vizuri kwenye kiwiko, na mama alimfunga vifungo vya shati kama ndivyo ilivyokuwa siku zote. Mimi niliyaona hayo yote na sikuyasoma. Nilichokiona ni kwamba sasa nyumbani kuna mwanamume.

Siku chache zilipopita nikamweleza kuhusu judo. Nilimweleza yote, mikanda, mkate, mtoto wa nyapara kisimani. Alitabasamu mahali panapostahili. Nikamwambia amebaki mtu mmoja wa kunipa mkanda mweusi, na huyo ni yeye.

"Nifanye nini?" akauliza.

"Unasimama tu. Mimi nakushika mkono, unapiga goti. Tujaribu."

Mama alikuwa kwenye mafiga akisonga ugali. Baba akainuka. Nikasimama mbele yake, nikainama kama tulivyofunzwa, nikakichukua kidole gumba cha mkono wa kulia na kusema kwa sauti ya Koplo, "Polepole. Mkono si adui."

Sikuwa nimevuta. Naapa sikuwa nimevuta. Baba alishuka chini kwa magoti yote mawili, paji la uso likagonga sakafu, na akasema kwa Kiswahili, yeye ambaye nyumbani hakusema nasi Kiswahili kamwe, "Nakubali, afande. Nimekubali."

Mimi nikafurahi. Hapa ndipo utoto unaponitia uchungu kuliko mahali pengine popote. Nilidhani nimeuweza mshiko kiasi kwamba mtu mzima anaanguka kwa kuguswa tu. Nilidhani hilo neno "afande" ni mzaha, kama ule wa ng'ombe mzima. Nikamgeukia mama nikicheka ili naye aone. Mama alikuwa amesimama na mwiko mkononi, ugali unaungua, na sijapata kuona uso kama ule.

Baba aliinuka taratibu. Akajifuta paji la uso.

"Hayo maneno umeyatoa wapi?"

"Ni ya Koplo. Sote tunayajua."

"Na mwisho wake?"

"Hayana mwisho. Ni hayo tu."

"Yana mwisho," alisema baba. "Mkono si adui, adui ni mwenye mkono. Hakuwafundisha?"

Nikasema hapana, na wewe umeyajulia wapi? Akasema aliyasikia mahali. Mama akanituma kisimani, ingawa mtungi ulikuwa umejaa. Nikatoka nikasimama nyuma ya ukuta wa mabati.

"Ni yeye?" mama aliuliza.

"Ni yeye."

"Basi hakanyagi tena huko. Mtu akuvunje mkono, halafu umpelekee na mtoto?"

"Atakwenda," alisema baba. "Amefanya kazi miaka mingapi? Amalize. Na mimi nitakwenda naye."

Kati ya maneno hayo yote nilibeba moja tu, hilo la kwenda. Mengine niliyaacha pale ukutani, na ilinichukua mpaka Jumapili kuyarudia.

Wiki hiyo baba alikuwa na tabia ya ajabu. Alikaa nje ya mlango juani, akaushika mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, akaupeleka nyuma kidogo, akaurudisha. Tena nyuma, tena mbele. Jasho lilimtoka. Nilipomuuliza alisema anautia mafuta kama mashine. Nikaona vema, anajiandaa kunisaidia, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa.

Jumapili ghala lilijaa. Wachumaji walikaa juu ya magunia ya kahawa, nyapara na mkewe mbele. Koplo alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, na mkanda wangu mweusi ulikuwa umekunjwa juu ya kiti, ukinuka rangi ya viatu. Akaniuliza mbele ya watu, "Shabaha?" Nikajibu, "Mkanda mweusi." Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimetaja kitu kikubwa na hakukikataa.

Akamwita mwanamume wa nyumba yangu. Baba akavua viatu mlangoni, akaja mpaka katikati ya lile godoro la maganda. Hakungoja kuelekezwa. Alimpa Koplo mgongo, akatenganisha miguu, akainamisha kichwa, akaupeleka mkono wa kulia nyuma, kiganja nje, kidole gumba juu.

Koplo akapendezwa. "Tazama nyinyi wote," alisema. "Tazama mzee anajua kusimama. Hata sikufundisha yeye. Mzee, wewe ulikuwa jeshi?"

"Nilikuwa kambini," baba alijibu bila kugeuka. "Wewe ulikuwa unafundisha askari. Mimi ndiye nilikuwa mkono wa kufundishia."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeulizwa njia na kuelekeza. Watu waliokaa nyuma walinong'ona. Nilimtazama Koplo nikingoja acheke, au akane, au aanguke. Nilitaka afanye kitu. Alizunguka akaja kumtazama baba usoni.

"Uso mimi hapana kumbuka, mzee," akasema. "Watu ilikuwa mingi. Kazi ilikuwa kazi."

"Hukuwa unaangalia uso," alisema baba.

Koplo alikohoa. Nimefikiria kikohozi kile kwa miaka mingi kuliko nilivyomfikiria mume wangu marehemu. Laiti angesema pole. Laiti hata angetufukuza. Aliushika mkanda kutoka kwenye kiti, akaukunja tena ukiwa tayari umekunjika, akanigeukia mimi kana kwamba jambo la watu wazima limekwisha. "Endelea, toto."

Ndipo yale maneno ya nyuma ya ukuta wa mabati yakanirudia yote kwa pamoja. Nchi ya joto. Kazi safi. Makofi yangu. Nikaelewa baba alikotoa mwisho wa ule msemo, na kwa nini nilimwangusha bila kuvuta.

"Shika, maitu," baba aliniambia kwa Kikuyu, kwa sauti ya chini. "Usiogope. Shika umalize."

Nikakishika kidole gumba. Kilikuwa cha baridi. Nikakipandisha kidogo tu, nikasikia kwenye kiwiko chake kitu kikisuguana mahali ambapo mfupa ulijiunga vibaya, na mgongo wake wote ukakaza chini ya shati ambalo mama alilifunga vifungo asubuhi. Bado kidogo na goti lingegusa gunia. Nikakiachia.

"Siwezi," nikasema.

"Unaweza."

"Siwezi, baba."

Koplo alingoja kidogo kama ilivyo haki ya kila mwanafunzi. Kisha akatangaza kwa watu wote, kwa ile sauti yake ya upole, ya mwalimu mzuri, kwamba huyu bado, huruma imemshinda, ajaribu tena mwaka ujao. Mke wa nyapara akapiga kofi moja kwa makosa, akaacha. Baba akaushusha mkono wake polepole mpaka ubavuni, akaenda mlangoni akatafuta viatu.

Tulirudi kwa ile njia ya katikati ya mibuni. Alitangulia, mimi nyuma. Nilikuwa nalia kwa vitu vingi, kwa mkanda, kwa Koplo ambaye mpaka asubuhi ile nilimpenda, na pia kwa fahari fulani, maana nilijua nimefanya jambo jema. Nilikuwa nimemhurumia baba yangu mbele ya watu wote. Nilingoja ageuke aseme asante, maitu. Tulipopita kisima nikachoka kungoja, nikamkimbilia, nikamwambia, "Sikutaka kukuumiza."

Alisimama. Hakuwa na hasira usoni, na afadhali angekuwa nayo.

"Kule walinipigisha goti kila walipotaka," alisema. "Wiki hii nzima nimeufundisha huu mkono. Mara moja tu, maitu, nilitaka kupiga goti kwa kupenda mwenyewe, kwa ajili ya mtu wangu. Ukaninyima."

Akaendelea kutembea, nami nikamfuata mpaka nyumbani.